Mgeni njoo, mwenyeji yupi apone?

Mlango wa kioo wa ukumbi wa kuwasili unafunguka, abiria anatoka akisukuma toroli la mizigo, na macho yake yanaanza kupita kwenye safu ya vibao. Kimoja ni karatasi iliyotiwa ndani ya nailoni isilowe jasho la mkono. Kingine ni kipande cha boksi, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito na herufi za mwisho zimebanana pembeni kwa kukosa nafasi. Kingine ni kishikwambi cha kampuni kubwa, jina linang'aa. Akiliona jina lake, mabega yanashuka. Amefika kwa watu.

Nani anastahili kusimama kwenye safu hiyo? Umbali gani kutoka mlangoni, kwa kibali cha nani na kwa malipo gani? Maswali haya yanawagusa watu wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kuliko ramani inavyoonyesha. Kuanzia Kwaluguru hadi Mombo hatuna uwanja wa ndege wa kimataifa, lakini tunao madereva wenye gari moja aina ya Noah, nyumba za kulala wageni na vijana wanaoongoza watalii kwenye milima ya Usambara. Wageni wao hutua uwanja wa Kilimanjaro (KIA), Dar es Salaam, Zanzibar, na wengine Nairobi. Huko ndiko zinakotoka kauli zinazowachanganya watu: kwamba kupokea mgeni kumepigwa marufuku, kwamba lazima uwe na kitambulisho cha uwanja, kwamba kazi hiyo kapewa mmoja tu. Kila kauli ina chembe ya ukweli. Zikichanganywa pamoja, mmoja anaacha kazi aliyoruhusiwa kuifanya, na mwingine anamlipa mtu asiyestahili kulipwa.

Usuli: mlango mmoja, wenye mamlaka wengi

Shinikizo la kwanza ni wingi wa watu. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,808,205, na mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Wanaokuja kwa ndege hupita kwenye milango michache ileile, katika saa zilezile ambazo ndege kubwa hutua.

Shinikizo la pili ni idadi ya ofisi zinazohusika. Viwanja vya Bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, TAA. KIA iliendeshwa na kampuni ya KADCO kuanzia 1998, ikarejeshwa TAA mwaka 2023. Zanzibar ina mamlaka yake ya viwanja. Usalama wa anga Bara na Visiwani unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Ndani ya jengo wamo Uhamiaji, forodha na polisi. Nje ya jengo, leseni ya wakala wa utalii, maarufu kama TALA, inatoka upande wa Wizara ya Maliasili na Utalii, na kibali cha gari la abiria kinatoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Dereva mmoja aliyekwenda kumchukua mgeni mmoja anaweza kuulizwa karatasi na watu wa ofisi tatu, kila mmoja akiwa na haki ya kuuliza jambo lake. Asipojua lipi ni la nani, atadhani yote ni amri ya mtu mmoja aliyesimama mlangoni.

Mambo manne yanayotiwa kwenye kapu moja

Ili kuondoa utata, masharti yanayoitwa kwa jumla "ya kupokea wageni" yapasa kutenganishwa kwa makundi manne.

La kwanza ni kuingia eneo la ulinzi, yaani kabla abiria hajamaliza Uhamiaji na forodha. Huko haingii mtu bila kitambulisho maalumu, na ndivyo ilivyo duniani kote.

La pili ni kusimama na kibao upande wa umma, ndani ya ukumbi au nje ya mlango wake.

La tatu ni gari: liegeshwe wapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi.

La nne ni kutafuta wateja papo hapo, yaani kumfuata abiria ambaye hujawahi kuwasiliana naye ukimwuzia safari, teksi au kitanda.

Lipo na la tano ambalo halimo kwenye kapu hili, ingawa hutiwa kwa makosa: huduma za ndege uwanjani, kama kushusha mizigo na kuhudumia abiria kwenye kaunta. Mwishoni mwa 2022 Zanzibar iliikabidhi kampuni ya Dnata peke yake kazi hizo katika Jengo la Tatu la uwanja wa Abeid Amani Karume, na kampuni zilizokuwa zikizifanya zikalalamika. Mjadala ule ulikuwa mkubwa na halali, lakini ulihusu nani ahudumie ndege. Haukuwa juu ya dereva mwenye kibao. Hata hivyo hofu ya watu haikutoka hewani, kwa sababu Dnata hiyohiyo, katika viwanja kadhaa duniani, huuza pia huduma ya kuwapokea wasafiri kwa jina la marhaba. Anayeshika mlango wa ndege anaweza siku moja kutamani na mlango wa mgeni.

Nairobi, 2014 hadi 2015: mlango ulipofungwa kweli

Mfano ulio wazi kuliko yote katika ukanda wetu ni wa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye usajili wa Tanzania kuchukua na kushusha watalii katika uwanja huo. Kwa miaka mingi wageni wa Kaskazini mwa Tanzania walikuwa wakitua Nairobi, kisha wanapanda magari ya Arusha na Moshi hadi mpakani Namanga na kuendelea. Ghafla dereva wa Arusha hakuweza kumfikia mgeni wake mlangoni. Ilibidi mgeni atolewe uwanjani kwa gari la Kenya, ndipo abadilishe gari mjini.

Kenya ilisimama juu ya makubaliano ya utalii ya mwaka 1985 kati ya nchi hizi mbili, yaliyoweka mipaka ya mahali ambapo magari ya utalii ya upande mmoja yangeweza kufika upande wa pili. Tanzania ilikuwa ikiyatumia makubaliano hayo kuzuia magari ya Kenya kuingia kwenye hifadhi zake. Kenya ikasema, kwa maana hiyo, mizani iwe sawa. Upande wa Tanzania hoja ikawa kwamba uwanja wa ndege si mbuga, ni njia ya kupita tu, na kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikuwa imebeba roho nyingine kabisa.

Januari 2015 zuio lililegezwa kwa wiki chache kupisha mazungumzo, Februari likarudi. Machi Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Suala la nani asimame wapi na gari lake likapanda ngazi hadi kwa marais wa wakati huo, Kikwete wa Tanzania na Kenyatta wa Kenya, waliokutana Windhoek, Namibia, mwezi huohuo na kukubaliana kurudisha safari za ndege na kuyaruhusu magari.

Mambo mawili yanafaa kushikwa hapa. Kwanza, sharti la mlangoni lilitumiwa kama silaha katika ugomvi uliokuwa juu ya jambo jingine, yaani hifadhi. Pili, sharti lenyewe lilikuwa limekaa kwenye makabati tangu 1985, na madereva waliokuwa wakiishi kwa njia ile walikutana nalo siku lilipotekelezwa. Sharti linalolala miaka 29 kisha likaamka asubuhi moja huwaumiza zaidi wasio na akiba ya kusubiri viongozi wakutane.

Hoja ya usalama

Wanaotetea masharti makali huanza na usalama, na hawazushi. Januari 24, 2011 mtu alijilipua katika ukumbi wa kuwasili wa uwanja wa Domodedovo, Moscow, na watu 37 wakafa. Alichagua mahali hasa ambapo ndugu, madereva na wenye vibao husubiri. Machi 22, 2016 ukumbi wa kuondokea wa Brussels ulishambuliwa kwa mabomu. Baada ya matukio ya namna hiyo, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliingiza viwango vya ulinzi wa upande wa umma katika Kiambatanisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, vikaanza kutumika 2017. Nchi yetu ni mwanachama, hivyo mkuu wa uwanja anayepunguza msongamano mlangoni anatekeleza wajibu.

Nguvu ya hoja hii ni uzito wake: uhai wa mtu hauwekwi kwenye mizani na nauli. Udhaifu wake ni kwamba hutumika mbali kuliko inakofika. Kuwasogeza watu kutoka ukumbini hadi barazani hakuondoi msongamano, kunauhamisha. Tena, hoja ya usalama haiwezi kueleza kwa nini aliyelipia asimame ndani na asiyelipia asimame nje. Bomu halisomi risiti. Kinachoongeza usalama ni kumjua aliyesimama pale: jina, namba ya gari, ndege anayoisubiri. Hayo yanaweza kuandikwa bure.

Hoja ya utulivu wa mgeni

Kundi la pili linatazama mgeni anavyojisikia. Lugha yetu ina majina ya wanaomsumbua kwa kila mji: papasi wa Zanzibar, flaikacha wa Arusha, wapiga debe wa kila stendi. Msomaji wa Korogwe hahitaji kuelezwa. Anajua inavyokuwa mtu aliyeshuka kwenye basi akishikwa begi na mikono mitatu, kila mmoja akidai ndiye aliyemwona kwanza. Mgeni aliyetua usiku nchi asiyoijua akikutana na hali hiyo, hofu yake ni kubwa zaidi, na simulizi atakayoirudisha kwao itaharibu kazi ya miaka.

Wapo pia vishoka, wanaojifanya wakala bila leseni, wanapokea fedha na kutoweka. Kuwabana ni kumlinda mgeni na kuwalinda wenye leseni.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye upana wa wavu. Dereva aliyeshika jina la mgeni aliyekwisha kupanga naye tangu miezi mitatu nyuma ni kinyume cha papasi: yeye ndiye dawa ya upapasi, kwa kuwa mgeni aliyeona jina lake hatafuti mwingine. Amri inayowaondoa wote mlangoni humwondoa huyu kwanza, kwa sababu ni mtii. Papasi husogea hatua kumi, akamsubiri mgeni pale ambapo sasa hana mwenyeji wa kumkinga.

Hoja ya mapato

Uwanja ni mali ya gharama. Njia ya kurukia, magari ya zimamoto, taa na mashine za ukaguzi vinahitaji fedha kila siku, na viwanja duniani huhimizwa kupata mapato nje ya ada za ndege: maegesho, maduka, matangazo, vibali vya biashara. Anayetengeneza fedha kwenye eneo hilo, wanasema, achangie kulitunza. Hilo ni la haki. Mtaji wa mwenye gari unategemea lami ambayo hakuimwaga yeye.

Ugumu unakuja kwenye namna ya kutoza. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kibali cha mwaka kiwe shilingi 300,000 kwa kila kampuni. Kampuni ya Arusha inayopokea wageni 300 kwa mwaka italipa shilingi 1,000 kwa kila mgeni. Mwenye Noah wa Korogwe anayepokea wageni sita atalipa shilingi 50,000 kwa kila mgeni. Ada ni moja, mzigo umezidi mara hamsini. Hakuna aliyeandika kwamba wadogo waondoke, lakini hesabu imeshawaondoa. Ada ya kila tukio, au ya dakika za maegesho, huchangisha kwa kadiri ya matumizi.

Hoja ya mwenyeji kwanza

Hoja ya nne husikika zaidi kwa madereva wa teksi waliosajiliwa uwanjani, na zuio la Nairobi la mwaka 2014 lilikuwa na sura yake. Wao hukaa pale usiku na mchana, wamekaguliwa, wanajulikana kwa majina, na abiria asiye na mwenyeji huwategemea wao. Ikiwa kila mgeni atachukuliwa na gari lililotoka mbali, nani atabaki kuwahudumia wasiopanga?

Madai yao yana uzito kwa abiria ambaye hajapanga. Kwa mgeni aliyepanga, yanapoteza nguvu, kwa sababu mgeni huyo hakuwahi kuwa wao. Na neno "mwenyeji" halina mwisho ukianza kulikata. Nairobi mtu wa Arusha ni mgeni, KIA mtu wa Korogwe ni mgeni, na Korogwe mtu wa Kwaluguru naye anaweza kuambiwa asubiri ng'ambo ya barabara. Kila lango likijitangazia wenyeji wake, sisi wa wilaya zisizo na uwanja tutakosa mahali pa kusimama, maana malango yote yako kwingine.

Hoja ya mwenye gari moja

Upande wa pili wako wanaotaka mlango uwe wazi. Wana Katiba: Ibara ya 22 inatambua haki ya kufanya kazi, ingawa Ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa maslahi ya umma. Wanao uchumi pia. Korogwe iko karibu katikati ya Dar es Salaam na KIA, kama kilomita 300 kila upande. Mgeni aliyepokelewa na dereva wa Korogwe atakula njiani anakokula dereva, atalala Mombo au Lushoto, ataulizwa kama angependa kuiona Mkomazi, Amani, au Saadani kabla ya bahari. Mgeni huyo akipokewa na kampuni ya mjini kwa sababu mlango ni wa wachache, Tanga inakuwa jina kwenye kibao cha barabarani.

Nao wana udhaifu wao, na si vyema kuufunika. Dereva anayeendesha kilomita 300 mchana, akasubiri ndege ya usiku iliyochelewa, kisha akageuza gari saa hiyohiyo kurudi, anamweka mgeni hatarini kwenye barabara yenye malori usiku kucha. Wapo wasio na leseni wanaojificha nyuma ya neno "mnyonge". Na mlango ulio wazi kwa wote bila utaratibu hugeuka stendi, ambako mwenye sauti kubwa na mkono mrefu ndiye anayepata. Vurugu nazo humwonea mdogo.

Kupima

Hoja hizi tano zikiwekwa pamoja, kipimo kinachofaa kina maswali mawili. Je, sharti linatimiza lengo linalotajwa? Je, lengo hilo lingeweza kutimizwa kwa sharti jepesi zaidi?

Kwenye eneo la ulinzi, majibu yanaunga mkono zuio kamili. Dereva mwenye kibao hahitaji kuvuka forodha. Kwenye kutafuta wateja papo hapo, zuio nalo linafaa, mradi liambatane na kituo cha teksi chenye bei zilizobandikwa, ili asiyepanga asikwame. Kwenye kusimama na kibao, zuio halipiti mtihani: orodha ya majina inayolingana na ndege inayosubiriwa inatosha kwa usalama na kwa utulivu. Kwenye maegesho, ada ni halali ikifuata muda. Na kumpa mmoja peke yake haki ya kupokea wageni wa wote hakutimizi lengo lolote kati ya yaliyotajwa ila mapato, tena kwa gharama ya kuua ushindani unaomletea mgeni bei nzuri.

Lakini lipo jambo linalopita yote haya, yaani uwazi, nalo lina historia katika bonde letu la Mto Pangani. Karne ya 19 misafara iliyopandisha kutoka Pangani kufuata mto ilikuwa ikilipa hongo kwa watawala wa njia. Neno hilo halikuwa na aibu. Lilikuwa ushuru wa kupita, unajulikana, unajadiliwa hadharani, na aliyelipa alipewa njia. Leo neno lilelile lina maana ya fedha ya kificho. Tofauti ya hongo ya zamani na hongo ya sasa ni uwazi, na uwanja wa ndege unaweza kuangukia upande wowote. Ada iliyoandikwa, yenye namba ya malipo ya serikali na risiti, ni ushuru. Ada ileile ikitajwa kwa mdomo pembeni ya geti, kwa kiwango kinachobadilika kulingana na shati la dereva, imeshakuwa hongo ya maana ya leo. Sehemu kubwa ya malalamiko yanayoitwa ya masharti ni malalamiko ya masharti yasiyosomeka.

Wadogo nao wana sehemu yao. Leseni ni lazima, na kuidharau ni kumpa mpinzani hoja. Na kwa wageni sita kwa mwaka hakuna sababu ya kila mtu kujitegemea: wenye magari na nyumba za wageni wa Korogwe, Handeni na Lushoto wanaweza kuungana na kuwa na mwakilishi mmoja KIA na mmoja Dar es Salaam, anayeandikishwa, anayejulikana, anayempokea mgeni na kumlaza hadi asubuhi. Watapoteza ile furaha ya kumlaki mgeni wenyewe mlangoni. Watapata usingizi, usalama wa barabarani na sauti ya pamoja siku masharti yatakapojadiliwa.

Kwa muhtasari

Kupokea mgeni uwanjani ni kazi halali yenye mipaka. Usalama unahalalisha kufunga eneo la ndani na kuwajua waliosimama nje, hauhalalishi kuuza nafasi. Utulivu unahalalisha kumzuia papasi, si mwenye kibao. Mapato yanahalalisha ada inayofuata matumizi. Wenyeji wa uwanja wana haki juu ya abiria asiyepanga. Mwenye gari moja ana haki ya kumfikia mgeni wake, akiwa na leseni na nidhamu. Nairobi ilituonyesha kuwa sharti lililofichwa likiamshwa ghafla linaweza kuzigombanisha nchi mbili ndugu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili apone na mwenyeji aliye mbali na lango, kwenye safu ile ya vibao inahitajika karatasi moja zaidi, kubwa kuliko zote, iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili: nani aruhusiwe, wapi, kwa shilingi ngapi, na ofisi ipi imesaini.